Binti Aliyerithishwa Barafu

Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumza juu ya mambo yaliyo karibu na jiko: homa za watoto, ada za shule, mume aliyechelewa kurudi. Mwezi huu tunawapeleka mbali kidogo. Chukueni shali mjifunike vizuri, maana tunakokwenda ni baridi.

Tunataka kuwasimulia habari za mama mmoja na binti yake, watu wa Marekani, ambao kazi yao ilikuwa barafu. Si ile barafu ya mifukoni ambayo watoto wetu wananunua wakitoka shule, bali barafu ya kaskazini ya dunia, ile iliyolala juu ya nchi kwa maelfu ya miaka. Mama aliitwa Rena Bass Forman, naye alikuwa mpiga picha. Binti anaitwa Zaria Forman, aliyezaliwa mwaka 1982, naye ni mchoraji. Tumewachagua hawa kwa sababu habari yao inagusa swali ambalo kila mama analo moyoni, hata kama halisemi: je, siku nikiondoka, watoto wangu watabaki na nini changu?

Kisogo cha mama

Rena alipenda mahali penye baridi na ukimya. Wapiga picha wengi hufuata maharusi na mikusanyiko ya watu. Yeye alifuata milima, majangwa na barafu. Alikuwa na familia, na familia hiyo ilisafiri pamoja naye kwenda katika sehemu za mbali alizotaka kuzipiga picha. Kwa hiyo safari ya kazi ya mama ilikuwa ndiyo safari ya mtoto.

Zaria mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba michoro yake ilianzia hapo, katika utoto. Anakumbuka jinsi alivyotazama dhoruba ikijikusanya kwa mbali juu ya nyika kavu. Anakumbuka mvua za msimu kusini mwa India. Anakumbuka mwanga wa baridi ukilala juu ya maji ya Greenland. Angalieni mambo hayo, akina mama. Yote ni ya kutazama tu, hakuna hata moja linalonunuliwa dukani.

Wazee wetu walisema, mwana hutazama kisogo cha nina. Mtoto aliyebebwa mgongoni haoni uso wa mama yake. Anaona kisogo, na akichungulia begani anaona kile ambacho mama anakiona. Mama akitazama ugomvi wa jirani, mtoto hutazama ugomvi. Mama akisimama kutazama mvua inavyokuja, mtoto naye hujifunza kusimama.

Tena tazameni jambo lingine. Binti huyu hakufuata kazi ya mama yake moja kwa moja. Mama alitegemea kamera, binti akashika chaki za rangi. Alichukua jicho, akaacha chombo. Wengi wetu tunasononeka binti akikataa cherehani yetu au biashara yetu, tukidhani amekataa kila kitu tulichompa. Huenda amekwisha kuchukua lililo kubwa zaidi, nasi hatujaliona.

Ahadi

Rena alikuwa na nia ya safari moja kubwa. Zamani, mwaka 1869, mchoraji Mmarekani aliyeitwa William Bradford alisafiri hadi Greenland kwa meli ya mvuke iliyoitwa Panther, akiwa pamoja na wapiga picha wawili. Mwaka 1873 kilitoka kitabu chake kikubwa chenye habari na picha za safari ile. Rena alitaka msafara wa wasanii upite tena njia ile, uone barafu imekuwaje baada ya zaidi ya miaka 140. Naye alitaka aende pamoja na binti yake.

Walikuwa bado katika matayarisho ya mwanzo, mama akapatikana na uvimbe kwenye ubongo. Ilikuwa saratani, na ilikwenda mbio. Baada ya miezi sita alifariki dunia. Ilikuwa mwaka 2011.

Wale kati yetu waliowahi kuuguza mgonjwa wa namna hiyo nyumbani wanaijua miezi kama hiyo. Leo amesahau jina la mjukuu, kesho hakumbuki kama amekula. Unamwogesha mtu aliyekuogesha wewe. Lakini Zaria anasimulia kwamba katika ugonjwa wote ule, hamu ya mama yake juu ya safari ya Greenland haikupungua. Basi binti akamwahidi kwamba safari ile itafanyika.

Ahadi kwa mgonjwa ni rahisi kutoa. Sote tumewahi kusikia ahadi za kando ya kitanda: nitamsomesha mdogo wangu, nitaimaliza nyumba, nitawapatanisha kaka zangu. Msiba ukipita, matanga yakiondolewa, maisha hurudi na ahadi hubaki kwenye hewa. Huyu binti hakuiacha yake. Mwezi Agosti 2012 aliongoza kundi la wasanii na wasomi, wakapanda kwa meli pwani ya kaskazini-magharibi ya Greenland, katika njia ile ya Bradford.

Alikuwa amechukua majivu ya mama yake. Wengi wetu tumezoea kuzika, na jambo hili huenda likatushtua. Lakini kwa familia nyingi za Marekani, mwili huchomwa kwa heshima na majivu yake hutunzwa. Zaria aliyanyunyiza majivu yale katikati ya barafu iliyokuwa ikiyeyuka, ili mama abaki katika mahali alipopapenda.

Barafu inayotoka jasho

Hapa yafaa tueleze barafu hii ni ya namna gani, kwa maana si kama ile ya friji.

Greenland ni kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani, na karibu sehemu nne katika tano za ardhi yake zimefunikwa na barafu. Kuna mahali ambapo unene wa barafu unazidi mita 3,000, yaani zaidi ya nusu ya kimo cha Mlima Kilimanjaro. Yote hiyo ilianza kuwa theluji. Theluji ya mwaka huu huilalia ile ya mwaka jana, ya mwaka ujao huilalia hii, na uzito huzidi mpaka hewa inabanwa na theluji inakuwa ngumu kama jiwe. Halafu, kwa uzito ule ule, barafu huanza kutambaa polepole kuelekea baharini, mfano wa uji mzito uliomwagika mezani. Huo ndio mto wa barafu. Sisi wa Afrika Mashariki nasi tunayo barafu ya jamii hiyo, ingawa ni kidogo mno, huko juu Kibo. Na kati ya mwaka 1912 na 2011 karibu asilimia 85 ya eneo lake ilitoweka.

Mto wa barafu ukifika baharini, ncha yake hukatika kwa kishindo na vipande huelea. Kipande kimoja kinaweza kuwa kikubwa kuliko kanisa, na hicho unachokiona juu ya maji ni kama sehemu moja tu katika kumi. Palipo na mapovu ya hewa, barafu ni nyeupe. Palipobanwa sana hata mapovu yakaisha, ni ya bluu ya ajabu, kwa sababu barafu hiyo humeza mwanga mwekundu na kuuachia ule wa bluu. Tena barafu haikai kimya. Hewa ya kale iliyofungwa ndani inapotoka, hualika kama chumvi iliyotupwa motoni.

Zaria amesema hakutegemea kuikuta barafu iko hai kiasi kile, inatembea na kutoa sauti. Lakini aliona na jambo lingine. Mwezi Julai mwaka ule ule wa 2012, setilaiti zilionyesha kwamba karibu asilimia 97 ya uso wa barafu ya Greenland ilikuwa inayeyuka, jambo ambalo setilaiti hazijawahi kuliona kabla ya hapo. Mwezi uliofuata yeye alikuwa melini, na jua lilikuwa kali kuliko kawaida ya huko. Anasema aliiona barafu ikitoka jasho.

Walitembelea pia vijiji vya Wainuit, wenyeji wa Greenland. Hao walimweleza kwamba bahari haigandi tena kama zamani. Kwetu sisi habari hiyo ingesikika kama nafuu, baridi imepungua. Kwao ni njaa. Bahari ikiganda, ile barafu ndiyo barabara yao ya kupita na ndiyo uwanja wao wa kuwinda. Isipoganda vizuri, baba hawezi kwenda mawindoni, na mama hana cha kuinjika.

Mwaka mmoja baadaye Zaria alikwenda visiwa vya Maldivi. Nchi hiyo imo katika Bahari ya Hindi, bahari ile ile inayopiga pwani zetu za Mombasa, Tanga na Unguja, nayo ndiyo nchi iliyo chini kuliko zote duniani. Alikwenda huko kuchora mawimbi, kwa sababu maji yanayotoka Greenland hayapotei. Huongeza bahari, na bahari huenda kubisha hodi kwa watu ambao hawajawahi kuona theluji.

Kazi ya vidole

Anapokuwa barafuni, Zaria huchora michoro midogo na kupiga picha kwa maelfu. Kazi yenyewe huifanya akirudi katika chumba chake cha kazi huko New York.

Vifaa vyake ni vichache: karatasi, penseli na chaki za rangi. Si chaki za ubaoni. Hizi ni rangi zilizosagwa zikafinyangwa kuwa vijiti laini ambavyo huacha unga mkononi. Huanza kwa mistari michache ya penseli. Kisha hupaka tabaka moja la rangi, na juu yake jingine, akisugua kwa vidole na viganja. Akitaka mstari mwembamba, kama vile ufa ndani ya barafu, huvunja kijiti ili apate kipande chenye ncha. Mwanamke yeyote aliyekanda unga wa maandazi au kusiriba ukuta kwa udongo anaelewa jambo hili. Kuna kazi ambazo kiganja huzijua kuliko kifaa chochote.

Michoro hiyo ni mikubwa. Mmoja alioumaliza mwaka 2016, wa ghuba iitwayo Whale Bay katika bara la barafu la kusini, Antaktika, una upana wa futi 12 na kimo cha futi 7. Yaani upana wake ni vitanda viwili vya futi sita vilivyopangwa ubavu kwa ubavu. Mtu akiutazama kwa mbali hudhani ni picha ya kamera. Akisogea karibu huona ni unga wa rangi uliosuguliwa kwa kidole, inchi kwa inchi. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba chenyewe ni ukuta mzima.

Baada ya Greenland aliendelea na safari. Mwaka 2015 alikuwa Antaktika. Kati ya mwaka 2016 na 2017 alipanda ndege za NASA, shirika la anga la Marekani, zilizokuwa zikiruka chini chini juu ya barafu kupima unene wake. Wanasayansi walikuwa na vyombo vyao vya kupimia, naye alikuwa na macho yake.

Kwa nini achore uzuri?

Mtu anaweza kuuliza: kama barafu inaangamia, kwa nini binti huyu anaichora ikiwa nzuri? Kwa nini asichore maafa?

Zaria amelijibu swali hilo waziwazi. Anasema miongoni mwa zawadi alizopewa na mama yake ni uwezo wa kukazia macho lililo jema kuliko lililo baya. Anachora uzuri wa kitu tunachoweza kukipoteza, ili mtu akipende, na akikipenda, aone uchungu wa kukiacha kipotee.

Wako wanaosema hilo halitoshi, na hoja yao ina uzito. Tangu mwaka 2002 Greenland imekuwa ikipoteza barafu kwa wastani wa tani bilioni 270 hivi kila mwaka, na hakuna mchoro uliozuia hata ndoo moja isiyeyuke. Tena meli na ndege zinazompeleka msanii huko nazo huchoma mafuta. Hatutaki kuwaficha hayo.

Hata hivyo, sisi tunaolea watoto tunajua kitu kimoja. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba nyumba hii ni chafu, shule yake ni mbaya, baba yake hafai na nchi imeharibika, hatimaye huziba masikio. Hafanyi bidii zaidi, anakata tamaa. Bali mtoto aliyeonyeshwa mti ukichanua, akaambiwa jina lake, ndiye atakayegombana na mtu anayeukata. Mtu halindi asichokipenda, na ni vigumu kukipenda usichowahi kukitazama. Rena hakuokoa barafu. Alilea mtu mmoja anayeipenda, na huyo amewaonyesha watu wengi.

Na sisi je?

Turudi sasa katika lile swali la mwanzo, watoto watabaki na nini chetu. Kwetu, neno urithi likitajwa, mara moja tunafikiri kiwanja, ng'ombe, nyumba ya bati, au vitenge vilivyomo sandukuni. Vitu hivyo ni vyema, na mama mwenye busara huviandikia wosia mapema. Lakini wengi wenu mmeona kilichotokea katika nyumba fulani mara baada ya mazishi. Shemeji walikuja na gari, wakabeba hata sufuria.

Jicho alilomwachia Rena binti yake halina hati wala shahidi, na hakuna shemeji anayeweza kulipakia kwenye gari. Hata barafu ikiisha yote, lile jicho Zaria anabaki nalo.

Huenda utasema, mimi si tajiri wa kumpeleka mwanangu Greenland. Ni kweli, wala si lazima. Tunawaomba mfikiri juu ya mambo matatu yaliyo karibu.

Kwanza, usifiche kazi unayoipenda. Wako dada zetu waliokuwa wakisuka mikeka kwa ustadi, wakichora, wakiimba, wakijua dawa za mitishamba kwa majina. Walipoolewa waliweka yote chini, wakidhani ndiyo kuwa mama mwema. Mwache mtoto akae karibu nawe unapofanya. Atachafua, atauliza maswali, atakuchelewesha. Ndivyo anavyojifunza.

Pili, mwambie mtoto kile ambacho hujakimaliza. Rena hakuona aibu kuwa na safari ambayo haijafanyika. Aliitaja mpaka mwisho, na kwa kuitaja akampa binti yake mahali pa kupeleka huzuni. Mtoto aliyefiwa na mama huwa na mikono isiyojua pa kushika. Zaria alikuwa na meli ya kutafuta, watu wa kualika, njia ya kufuata. Hatusemi tuwatwike watoto mizigo yetu, la hasha. Kuna tofauti kati ya kumwambia mtoto lazima ufanye, na kumwambia hili nililipenda, sikulifikia.

Tatu, chunga unachokitazama, kwa sababu unaye wa mgongoni hata kama amekuwa mrefu kukuzidi. Jioni moja wiki hii, kabla ya kuinjika, toka nje pamoja na mtoto wako mtazame mawingu kwa dakika chache. Usimfundishe kitu. Kama nyumbani kuna vipande vya mkaa na karatasi kuukuu, mpe achore alichokiona, na usimwambie kwamba amekosea.

Zaria Forman alikuwa na umri wa miaka 30 hivi alipofika Greenland na majivu ya mama yake. Anaendelea kuchora barafu, kwa vidole vile vile, kipande baada ya kipande, naye anajua kwamba baadhi ya vile alivyovichora vimekwisha kuwa maji. Mama zetu nao walitazama kitu tulipokuwa migongoni mwao. Tujaribu kukumbuka kilikuwa nini, kisha tuwaonyeshe watoto.